Kiti cha Mwenyeji

Shangazi ndiye aliyegundua kwamba kiti kilikuwa na joto.

Alikuwa akifuta meza asubuhi, mkono ukateleza ukagusa kikalio, naye akaurudisha upesi kama aliyegusa sufuria iliyo motoni. Kisha akamwita kaka yake kutoka karakana ya uani, akamwuliza ni nani aliyekuwa amekaa pale. Fundi alijibu kwamba hakuna, na kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kukaa pale. Akaweka kiganja. Lilikuwa joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi, na lilizidi upande wa kushoto, kama la mtu mwenye mazoea ya kuegemea nyonga moja.

"Jua," alisema.

Dirisha la chumba kile lilitazama magharibi. Shangazi alilitazama dirisha, akamtazama kaka yake, akaendelea kufuta meza.

Katika mji ule kila kazi ilikuwa na kiti chake barazani: waokaji, wafinyanzi, washonaji, wachota maji, wachimba makaburi. Kiti cha mwisho, chenye mgongo mrefu, hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa cha Mwenyeji, jini aliyeishi pale kabla jiwe la kwanza la mji halijawekwa. Waliojenga walipatana naye kwamba watakaa, ila hawataamua jambo bila kumwuliza. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha soko au kuchimba kisima, mkuu wa baraza aliwasha punje ya ubani, akakigeukia kile kiti, akalitaja jambo lenyewe na kuuliza: Mwenyeji, una neno? Moshi ukikatika bila jibu, basi amekubali, na jambo limepita. Hakuwahi kujibu. Watu walizaliwa, wakazeeka na kuzikwa bila kusikia kwamba amewahi kujibu. Shangazi, aliyekuwa mjumbe wa washonaji, alipenda kusema kwamba huyo ndiye mjumbe pekee asiyewahi kusema upuuzi barazani.

Mchwa walikuwa wamekula mguu mmoja wa kiti, kikaletwa kwa fundi seremala. Mkuu wa baraza alimwusia mambo matatu: asikikalie, asikiwekee kitu juu, asikisemeshe. Paa la karakana lilikuwa linavuja, kwa hiyo fundi alikiingiza ndani. Nafasi ilikuwa moja tu, pale mezani, pengo lililobaki tangu alipokipandisha kiti cha marehemu mkewe darini ili asikione.

Jioni ya siku kilipoletwa, binti yake alipokwisha kulala, fundi alikaa mezani akitazama kiti kilichokaa pahali pa mkewe. Alikuwa mtu wa polepole sana. Mkewe alikuwa akimwita Taratibu, jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na akimtania kwamba hata jibu la salamu hulipiga randa kwanza ndipo alitoe. Safari hii hakupiga randa. Aliwasha punje ya ubani, akauliza kwa sauti ya chini: mke wangu akirudi kukaa nasi, una neno?

Moshi ulipanda, ukapinda, ukakatika. Hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo asubuhi ile, shangazi alipomwita, fundi alijua kabisa kwamba lile halikuwa joto la jua. Alijua pia ni nani aliyekuwa akiegemea nyonga ya kushoto.

Mwanzoni ilikuwa harufu. Ukiingia ndani kutoka uani ulikutana na mafuta ya nywele aliyokuwa akipaka marehemu, na nyuma yake harufu nyingine, ya majivu yaliyomwagiwa maji. Halafu nguo. Walizikuta zimekunjwa na kupangwa kama alivyozipanga yeye, ila zote zimegeuzwa, mishono nje. Fundi alizigeuza moja moja. Alasiri moja, akiwa karakanani, alisikia kikohozi kifupi kutoka ndani, kile cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba, na msasa ukamdondoka mkononi.

Mguu wa kiti ulikuwa umeshapona. Mjumbe wa baraza alipokuja kuuliza, fundi alimwambia gundi haijakauka. Alipokuja tena, aliambiwa hivyo hivyo. Aliondoka akinung'unika kwamba gundi ya siku hizi ni kama watumishi wa mji, haikauki mpaka ifokewe.

Binti wa fundi aliitwa Kijiko, kwa sababu alipokuwa mchanga hakukubali kulala bila kushika kijiko. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Shangazi alisema ulimi wake haujui siku ya mapumziko. Asubuhi moja alitoka chumbani akiwa amesukwa. Mistari ilikuwa myembamba na imenyooka, kazi ya mkono unaojua. Lakini ilianzia kisogoni na kuja mbele, na ncha za misuko zilining'inia usoni kama pazia, hata macho yalionekana kwa shida.

Shangazi aliuliza kwa upole ni nani aliyemsuka.

"Mama," alisema Kijiko. "Ila vidole vyake ni baridi, na anasukia nyuma. Nimemwambia, lakini hageuzi."

Shangazi alizifumua zile nywele zote huku akizungumza habari za bei ya uzi ili mtoto asiogope. Kesho yake misuko ilikuwa imerudi.

Kisha Kijiko akaanza kukwama sauti. Walidhani ni mafua, wakampa asali. Ikawa anaongea kama mtu aliye mbali, halafu kwa mnong'ono, halafu anaanza sentensi vizuri na kuiacha katikati, midomo ikiendelea kucheza. Fundi aliyaona haya. Lakini kadiri mtoto alivyopungua, kule ndani palizidi kuchangamka: kikohozi kikawa wimbo usio na maneno, wimbo ukapata maneno, na alasiri, mji mzima ukiwa umejifungia kukwepa joto, fundi aliacha kazi na kukaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, macho ameyafumba, akisikiliza. Alijiambia kwamba mtoto atapona. Alijiambia gundi haijakauka.

Siku shangazi alipokuja alasiri bila kutarajiwa, alimkuta pale chini ya dirisha. Alimpita bila salamu akaingia ndani, akakanyaga kizingiti na kuganda hapo hapo.

Kijiko alikuwa amesimama mbele ya kiti, mikono imelegea, mdomo wazi kama mtoto anayeonyesha jino bovu. Kwenye kiti hakukuwa na mtu. Lakini kutoka kitini ilikuja sauti ya wifi yake marehemu, nyororo, isiyo na haraka, ikisimulia kisa cha kuku na mwewe, na kila sauti ile ilipotamka neno, koo la mtoto lilipanda na kushuka, na ilipopumzika koo nalo likatulia, na ilipocheka, mabega ya mtoto yalitikisika huku uso wake umelowa machozi na mdomo wake ukibaki wazi vile vile, bila hata chembe ya mlio.

Shangazi alimbeba akatoka naye. Hakupiga kelele. Alimweka miguuni pa baba yake, akamwambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba kama hamwiti Bwana Moshi sasa hivi, yeye atakipasua kile kiti kuni, hata mji ukianguka na uanguke.

Bwana Moshi alikuwa tabibu wa mji, aliyeajiriwa na baraza kushughulikia mambo ya upande wa pili. Alikuwa na macho mekundu kwa ubani wa miaka mingi na tabia ya kulalamikia kazi yake kama karani yeyote. Aliingia akinung'unika kwamba watu humwita paa likishaungua. Alipofika mezani alikiinamia kiti. Alinusa. Akarudi hatua nyuma, akatoka uani, akauliza ni nani aliyekiuliza kiti, na kitu gani.

Fundi alimwambia. Shangazi alimvuta Kijiko karibu naye.

Bwana Moshi alieleza kwa sauti ya chini sana. Mwenyeji hana sura wala sauti, ndiyo maana barazani hanyamazi kwa heshima, ananyamaza kwa sababu hana cha kusemea. Wao humwuliza mambo ya visima na masoko, mambo yasiyo na sura. Fundi amempa sura. Sasa anatafuta sauti ya kuitia, na ameipata hapo hapo nyumbani. Yule si mkeo, fundi, alisema. Kila neno unalolisikia linakatwa kwenye koo la binti yako, na likiisha kukatwa lote, halioti tena.

Njia ilikuwa moja. Jambo lililopita kwa kuulizwa huondolewa kwa kuulizwa. Fundi mwenyewe atamwuliza kama ana neno akiondoka. Moshi ukikatika kimya, jambo limepita, na kiti kirudi barazani siku hiyo hiyo.

"Na akijibu?" aliuliza shangazi.

"Hajawahi kujibu," alisema Bwana Moshi. Lakini alijifuta jasho.

Waliketi mezani jua likianza kushuka, mwanga mwekundu ukiingia kwa lile dirisha na kukiangukia kiti. Kijiko alikaa mapajani pa shangazi, ameushika mkono wa shati la baba yake. Punje iliwashwa. Fundi akauliza: ukiondoka nyumbani kwetu, una neno?

Moshi ulipanda umenyooka. Mbao za kiti zililia kidogo, kama zinavyolia mtu akijiweka vizuri. Harufu ya mafuta ya nywele ilijaa chumba. Moshi ukawa uzi, uzi ukawa unywele, na Bwana Moshi alikuwa ameshaanza kushusha pumzi.

"Ninalo," ilisema sauti.

Koo la Kijiko lilipanda na kushuka. Bwana Moshi alifumba macho. Mwenye neno husikilizwa, na punje mpya huwashwa kwa ajili yake. Ndiyo sheria ya mji, na swali lililoachwa bila moshi ni mlango ulioachwa wazi. Aliiwasha.

"Wewe ndiye uliyeniita," ilisema sauti. "Nikikaa, una neno, Taratibu?"

Bwana Moshi aliinama akanong'ona sikioni mwa fundi kwamba hilo ndilo swali, kwamba anayejibu ni aliyeulizwa tu, na kwamba ni neno moja, alitamke sasa kabla moshi haujakatika. Shangazi alimfinya paja chini ya meza kwa nguvu zake zote. Fundi alilijua lile neno. Alikuwa nalo mdomoni, mbele ya meno. Alimtazama mwanawe, akaona macho nyuma ya pazia la misuko, akaona midomo midogo inalitengeneza neno lile lile kwa niaba yake, ninalo baba, ninalo, bila mlio, na akafungua kinywa, na hapo ile sauti ikasema tena, taratibu sana, kwa kikohozi kile kifupi mbele yake, kama ilivyokuwa ikisema asubuhi za mvua wakati hakuna aliyetaka kutoka kitandani:

"Usiharakishe."

Naye alikuwa amekwisha kubali kwamba hataisikia sauti ile tena duniani, alikuwa amekubali kabisa, alitaka tu iishe kutamka neno lile la mwisho, itulie, hewa iliyoibeba itulie, ndipo na yeye aseme, kwa sababu kusema juu yake ingekuwa kama kumkatisha kauli mtu anayeaga, na hakuwahi kumkatisha mkewe kauli hata siku moja, na alipovuta pumzi na kuinua macho aliona mkono wa Kijiko umeachia shati lake.

"Ninalo," alisema fundi.

Alilisema vizuri, kwa sauti kubwa iliyojaa chumba. Shangazi alikuwa ameinamia chetezo cha ubani, ameweka uso karibu kabisa na majivu, akitafuta moshi. Bwana Moshi alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake, polepole, bila kumtazama mtu.

Kijiko alifungua mdomo kulia. Mdomo ulifunguka wote, mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakatoka. Ukimya ukawa ule ule.

Kiti kililia tena, mara hii kama kinavyolia mtu anaponyanyuka. Kitu chepesi kilikanyaga sakafu na kusimama nyuma ya mtoto, na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikaja karibu. Misuko ilianza kusogea yenyewe usoni pake, mmoja mmoja, kama inayotenganishwa kwa vidole.

"Zimefumuka," ilisema sauti, nzima sasa, haina mkwaruzo wowote. "Njoo mama akusuke upya. Una neno, Kijiko?"

Mtoto alimtazama baba yake. Hakuna aliyewasha ubani.