Kisanduku Kitupu cha Mteremkoni

Kamera haina wivu, haina njaa, haina mke wa kugombana naye asubuhi. Ukiiambia ipige gari linalozidi mwendo, inapiga gari. Ndiyo maana Adelard alipoona kwenye skrini kisanduku cha kijani kimeizunguka lami tupu, na chini yake mashine imeandika kilomita tisini na nne kwa saa, alicheka.

"Nurdin, njoo umwone mtu anakimbiza hewa."

Nurdin, mwenzake wa meza ya pili, alisogea na kikombe cha chai. Ofisi yao ilikuwa ghorofani Chang'ombe, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Kamera ilisimikwa kwenye mteremko wa Barabara ya Kilwa, ukishaipita Mbagala. Picha ikifika, programu inalizungushia gari kisanduku na kusoma namba yake. Wao wawili wanahakikisha, ndipo mwenye gari aandikiwe faini.

"Kivuli cha wingu hicho," Nurdin alisema.

"Wingu lenye haraka hivi lina mgonjwa hospitali."

Kesho yake, jua likiwa la utosi, kisanduku kikarudi. Na siku iliyofuata. Kila kikija kengele ya mfumo inalia, na hainyamazi mpaka ujaze namba ya gari. Ukiifuta picha, inarudi. Adelard akachoka. Kigari chake cheupe ndicho kilichotumika kuipimia kamera siku inafungwa, na namba yake ilikuwa bado kwenye mfumo kama gari la majaribio, lisiloandikiwa faini. Akajaza hiyo. Kengele ikanyamaza.

"Umempa lifti," Nurdin akasema.

"Akae nyuma. Mbele anakaa mke wangu."

Jioni ile mkewe, Marietha, alisimama kibarazani na funguo mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akikitumia kigari, kumpeleka na kumfuata binti yao Lusungu shule ya chekechea.

"Baba Lusungu, nani umempakia? Gari linanuka udi. Na siti ya nyuma imebonyea."

"Mie nakwenda kazini kwa miguu yangu na nauli yangu, nimpakie nani?"

"Mtoto kagoma kukaa nyuma."

Adelard akamgeukia binti. "Mama, kwa nini hukai nyuma?"

"Pamejaa," Lusungu alijibu, akaendelea kula muwa.

Huyu Adelard ni mtu wa kuchekesha matangani mpaka wafiwa wanamwongezea pilau. Usiku huo mzaha haukumjia.

Mchana uliofuata kengele ikalia. Kwenye skrini kilikuwa kigari cheupe. Marietha kashika usukani kwa mikono yote miwili, mdomo wazi. Lusungu kajikunyata mbele. Na nyuma, pale pasipokuwa na mtu, moshi mzito kama wa chetezo, moshi wenye mabega. Kilomita tisini na nne. Adelard akapiga simu. Akapokea Lusungu, akaiweka sikioni kwa mama yake.

"Marietha, punguza mwendo."

"Nimekanyaga breki," alinong'ona. "Nimeikanyaga tangu kituo cha mafuta, nayo inaongeza. Kuna anayenipumulia shingoni, baba Lusungu. Ana joto."

Nurdin alikwisha kumpigia mjomba wake, Mzee Mwishehe, mganga wa kule kule Mbagala, simu ikawekwa spika.

"Shikamoo mjomba. Tuna..."

"Marahaba. Nasikia harufu mpaka huku. Pale mteremkoni madereva walikuwaga wanapunguza mwendo, wanapiga honi moja, kuwaomba njia wenyewe wa pale. Siku hizi wanapunguza kwa ajili ya mashine yenu, honi hakuna. Nani kampa kiti?"

"Mie nilijaza namba tu," Adelard akasema.

"Hiyo namba ndiyo kiti. Kiondoe."

Akaifuta namba. Mfumo ukaandika: jaza sehemu hii. Akafuta tena, jaza sehemu hii, na huku simu ikimletea mlio wa matairi, na Lusungu akiita mama, mama, na udi ukiwa umeshapanda ngazi na kuingia ofisini na kuzizima harufu zote za chuma cha karakana, Adelard alijua kwamba namba yoyote atakayobuni itakuwa gari la mtu, na mtu huyo atakuwa na mtoto wake kwenye siti ya mbele, na vidole vyake vikawa vizito juu ya herufi mpaka akaandika kitu pekee kilichokuwa chake peke yake. Akaandika jina lake.

Mfumo ukakubali.

"Imesimama," Marietha alisema kwenye simu, akilia. "Imesimama yenyewe. Harufu imeisha."

Ofisini haikuisha. Kiti cha nyuma ya Adelard kikabonyea taratibu. Nurdin akarudi hatua mpaka ukutani.

"Kapanda kwa magurudumu," Mzee Mwishehe alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mrudishe kwa miguu. Kesho, jua la utosi, umshushe alipopandia. Tembea tu. Usikimbie, hata akikusukuma."

Kesho yake Nurdin alikaa mbele ya skrini, simu sikioni.

"Uko wapi, braza?"

"Chini ya nguzo ya kamera. Natembea kama bibi harusi."

"Usikimbie."

"Sikimbii. Ananisukuma mgongoni, lakini sikimbii."

Kengele ikalia. Kisanduku cha kijani kilimzunguka Adelard peke yake, kimemkaa sawasawa kama shati la fundi. Chini yake: jina lake, kilomita tisini na nne. Viatu vyake vyote viwili vilikuwa hewani.

"Adelard, umeshapita?"

"Bado," sauti ikajibu, kwa mbali, ikihema. "Nurdin, mbona huu mteremko hauishi?"

Hakurudi. Polisi waliuliza, majirani waliuliza, Mzee Mwishehe alifukiza pale njiani mpaka magari yakawasha taa, akaondoka. Picha yake huja kila jua la utosi, na Nurdin hukaa nayo mpaka kengele ichoke.

Marietha siku hizi akifika mteremkoni hupunguza mwendo na kupiga honi moja. Juzi Lusungu alibandika uso kwenye kioo, akapunga mkono, kisha akageuza kichwa taratibu, kama anayefuatisha kitu kinachowapita.

"Mama," akasema, "mbona baba anatembea polepole halafu anatuacha?"