Kitambaa Chekundu Mguuni

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kukamua ng'ombe wao wawili. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi moja mama alikwenda kumwangalia bibi aliyekuwa mgonjwa, akamwachia kazi yote.

"Usisahau, mwanangu. Yule ng'ombe mwenye kitambaa chekundu mguuni bado ana dawa ya kiwele mwilini. Maziwa yake ni ya kumwaga mpaka keshokutwa."

"Mama nawe! Kwani mimi mtoto mdogo?"

Chiriku alikamua huku akiimba. Ndoo ya kwanza ilipojaa, akaimimina kwenye keni ya kubebea maziwa. Ya pili nayo, kwa mazoea tu ya mkono, akaimimina humo humo. Alipoinua macho, kitambaa chekundu kilikuwa mbele yake. Wimbo ukakatika.

Akainama, akanusa. Hakuna harufu ya dawa. Maziwa yalikuwa meupe pe. Akaifunga keni, akaipakia kwenye baiskeli, akaondoka nayo.

Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa palikuwa na foleni. Akamnong'oneza rafiki yake wa darasani yaliyomkuta.

"Nyamaza wewe!" rafiki akamjibu. "Hapa mlangoni wananusa na kupima uzito tu. Dawa wanaipima kwenye tangi, maziwa ya wote yakishachanganyika. Nani atajua ni yako?"

Chiriku akatazama mbele. Jirani yao mzee, mwenye ng'ombe mmoja tu, alikuwa akimimina maziwa yake tangini taratibu, asipoteze hata tone. Tangi likikutwa na dawa, yote yatamwagwa, na ya mzee yule pia.

Zamu yake ikafika. "Vipi leo, Chiriku?" mpimaji akamtania. "Mdomo umeuacha nyumbani?" Akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akainua keni.

"Dada, usimimine!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Yana dawa. Nimekosea mimi."

Foleni nzima ikageuka. Mpimaji akaiweka keni chini, akachovya kijiti chembamba cha kupimia kwenye sampuli ya maziwa yale. "Yakiwa salama, mistari miwili hutokea," alisema. Wakasubiri. Ukatokea mmoja tu.

"Mjukuu wangu," jirani mzee akasema, "leo umeniokoa."

Jioni mama aliporudi na kuambiwa kosa lile, alichimba shimo mbali na kisima. Chiriku akayamimina maziwa ya keni nzima, machozi yakimlengalenga.

"Umekasirika, mama?"

"Kwa maziwa, naam, kidogo. Nami nilikosea, ningekuachia ndoo ya rangi nyingine." Mama akafukia shimo. "Lakini sikiliza. Dawa hii haionekani wala hainuki. Watu wakiinywa kidogo kidogo bila kujua, vijidudu vya magonjwa huizoea. Siku mtu akiugua kweli, kama bibi yako sasa, anapewa dawa na haimsaidii. Kijiti cha kupimia kinafanya kazi yake, ila kipimo cha kwanza ni mkamuaji anayesema ukweli. Leo kipimo hicho kimefanya kazi."

Chiriku akafuta macho. Kisha akaanza kusimulia jinsi foleni ilivyogeuka, na hakunyamaza mpaka wakafika mlangoni.