Shujaa wa Daftari la Shangazi

Kila alipotoka shule, Kidoti alipitia chumba cha kushonea cha shangazi yake. Wenzake wa darasa la saba walimpa jina hilo kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Alimwamkia shangazi, akavua viatu, akaanza kuokota pini zilizoanguka sakafuni, huku wakipiga soga.

"Shule nzima hakuna habari ila ile sinema mpya," Kidoti alisema siku moja. "Yule shujaa anayeruka wamemwanzisha upya. Mavazi mapya, mwigizaji mpya, hata mama yake ni mwingine!"

"Huyo si alikufa nilipokuwa kigori?"

"Alikufa, wakamrudisha, akafa tena. Hii ni mara ya tatu, shangazi."

"Basi ana roho saba kama paka!" Shangazi alicheka mpaka cherehani ikasimama.

Juma lilelile mwalimu wa Kiswahili alitangaza shindano la tamthilia baina ya shule. Kila mwanafunzi abuni shujaa wake. Kidoti alikaa siku tatu na karatasi tupu mbele yake. Siku ya nne, akitafuta vitambaa katika sanduku la shangazi, alikuta daftari kuukuu lenye jina la shangazi jaladani, kwa mwandiko wa kitoto. Humo mlikuwa na kisa cha Bibi Kishindo. Bibi huyo akikanyaga ardhi, kuta za adui huporomoka. Lakini kila akikanyaga, husahau jina la mtu mmoja anayempenda.

Kidoti alisisimka mwili mzima. Alilitia daftari mkobani bila kuuliza. Akambadili Bibi Kishindo akawa Dada Tetemeko, akampa pikipiki na simu. Kule kusahau majina hakukugusa, maana ndiko kulikonoga kuliko yote.

"Hata wenye sinema hufanya hivihivi," alijipa moyo.

Tamthilia yake ikachaguliwa. Wenzake walimbeba juujuu uwanjani. Kisha mwalimu akasema, "Na mavazi atatushonea shangazi yako. Nimeshazungumza naye."

Furaha yote ikamwishia Kidoti papo hapo. Kwa wiki mbili hakulala vizuri. Shangazi alipouliza, "Mbona hunisomei hicho kisa chako?" alijibu, "Utakiona siku yenyewe," akainama kuokota pini ambazo hazikuwapo.

Lakini siku moja kabla ya shindano, shangazi alikuja shuleni kurekebisha vazi. Alipiga magoti jukwaani, pini mdomoni, akikunja pindo la joho la Twiga, msichana mrefu aliyeigiza Dada Tetemeko.

"Msisimame kwa ajili yangu," alisema. "Endeleeni."

Kidoti alitamani ardhi ipasuke immeze. Twiga akakanyaga jukwaa, kisha akamgeukia aliyeigiza mama yake. "Sura yako naijua," alitamka taratibu. "Jina lako limenitoka."

Mkono wa shangazi ulisita. Alipouendeleza, alichomeka pini ikashika joho pamoja na mkono wa gauni lake mwenyewe. Twiga alipopiga hatua, wakavutana, watoto wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliichomoa pini ile, akamtazama Kidoti.

"Kidoti, njoo utie sahihi," mwalimu aliita, fomu mkononi. "Inatakiwa kabla ya saa sita. Andika kwamba kisa hiki ni chako mwenyewe. Shangazi yako atashuhudia."

Shangazi aliinuka, akajipangusa magoti. "Atangulie yeye," alisema kwa upole. "Nami nitafuata."

Kidoti alishika kalamu. Aliandika herufi moja, akaiweka kalamu chini. Akiandika yeye uongo, na shangazi autilie sahihi?

"Siwezi, mwalimu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kisa si changu. Nimekitoa katika daftari la shangazi, nikabadili jina. Nisamehe, shangazi."

Mwalimu alikunja uso. "Unajua umetuponza sote? Wenzako wamefanya mazoezi wiki mbili!"

"Najua, mwalimu."

Shangazi aliiomba ile fomu, akaisoma mpaka chini. "Mwalimu, hapa pana nafasi ya kisa kilichoandikwa upya kwa idhini ya mwenyewe. Idhini natoa."

"Basi hatashindania zawadi ya mtunzi," mwalimu alisema.

"Sawa," Kidoti alijibu haraka. Akaandika jina la shangazi juu, lake chini yake, na jina la shujaa akalirudisha: Bibi Kishindo.

Kesho yake shule yao ilitoka ya pili. Zawadi ya mtunzi ilikwenda shule nyingine, na jambo hilo lilimchoma Kidoti kidogo. Lakini mtangazaji alipolitaja jina la mbunifu wa Bibi Kishindo na ukumbi ukapiga makofi, shangazi alijifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakimtikisika.

"Nilikiandika nikiwa na umri wako," alimwambia Kidoti walipotoka. "Kaka zangu walinicheka, nikakifungia sandukuni. Wewe umekifufua, na kwa hilo nakushukuru. Kumwanzisha shujaa upya si dhambi, mwanangu. Kila kizazi kina sauti yake. Lakini ukichukua kazi ya mtu, mwombe, kisha mtaje. Kumtaja hakukupunguzii kitu. Kumficha ndiko kulikokunyima usingizi wiki mbili."

"Kumbe uliniona?"

"Mtu anayeokota pini zisizokuwapo, nani asimwone?"