Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Asubuhi ile Zablon alikuta namba imegeuka.

Chini ya kiti cha pikipiki yake palikuwa na kifundo cha kuzungusha, chenye namba, cha kukazia shokomzoba ya nyuma kulingana na uzito. Moja, dereva peke yake. Mbili, dereva na mizigo. Tatu, watu wawili. Zablon alikuwa mpima ardhi, msafiri wa peke yake. Kifundo chake hakikubanduka kwenye moja. Sasa kilisoma tatu.

"Zipora, umechezea pikipiki?"

"Na tumbo hili?" Mkewe alicheka kutoka jikoni. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. "Kuinama nivae ndala siwezi, niliinamie hilo dubwana lako?"

Dubwana lenyewe alilipenda. Injini ya cc mia tano, refu la miguu, tangi la lita kumi na nane, kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya alumini ubavuni. Lilipita mchanga wa Chemba na tope la Bahi bila kuguna. Na kiti cha nyuma kipana: alikuwa ameahidi kwamba uchungu ukianza na bajaji zikikosekana, hicho ndicho kitakachomfikisha Zipora hospitali.

Akarudisha kifundo kwenye moja. Kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea, kibichi, kinanuka tope na kambale.

Ndipo akakumbuka ya jana. Jua la utosi, kando ya majaruba ya mpunga ya Bahi, alikuwa amekaa juu ya pikipiki akila viazi vya kuchemsha. Sauti nyuma yake ikamsalimu, "Habari za hapa." Yeye, mdomo umejaa, bila kugeuka, akajibu kama mama yake alivyomfunza: "Njema. Karibu tule. Keti hapo," akapigapiga kiti cha nyuma. Shokomzoba ikalia, nyii. Alipogeuka palikuwa na maji, na majani, na jua.

Siku ya pili namba ilisoma tatu tena. Akiwa barabarani, kitu kikamzunguka kiunoni, taratibu, kama abiria anayeogopa mwendo. Akasimama pembeni ili ashuke, na mikono ile ikabana, baridi ikapenya koti na shati na ngozi, hata akabaki palepale juani, mguu mmoja ardhini na mwingine hewani, magari yakipita na watu wakimpungia, mpaka akaelewa kwamba hataachiwa ila afike kwake, Area D, getini, ambako mgeni hufikia.

"Yupo hapo nje," alimnong'oneza mkewe. "Hataki kushuka."

Zipora alikodoa macho mlangoni. "Si ulimkaribisha? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Alisema kwa mzaha wa woga. Zablon akaung'ang'ania mzaha ule.

Siku ya tatu alifunga jembe juu ya sanduku, akaendesha hadi Bahi, amekumbatiwa njia nzima. Akalisimika jembe kwenye tope kutoka hukohuko kitini. "Mgeni wangu, siku zako mbili zimekwisha. Kazi hii hapa."

Mikono ikamwachia. Kiti kikapanda. Zablon akarudi mjini akiimba pambio.

Chang'ombe alipita kwa Bibi Salma, mganga, kununua ubani wa kufukizia pikipiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unanuka kambale?"

Alimsimulia. Mkono wa bibi ukasita ndani ya kopo la ubani.

"Nani alikudanganya kwamba jembe linafukuza? Linamfukuza mvivu. Huyo wako alilikimbia?"

Zablon alikumbuka kioo cha pembeni: wakati akiondoka, tope lilikuwa tupu. "Alilichukua," akasema.

"Basi, mwanangu. Mgeni ungemuaga akaenda zake. Uliyempa jembe si mgeni tena, ni wa nyumbani. Na wa nyumbani akimaliza kazi, hurudi wapi?"

Simu ikaita. "Zablon," Zipora alihema, "chupa imepasuka. Bajaji nimezipigia zote. Njoo!"

"Usimpakie mkeo kwenye hiyo!" Bibi Salma alipiga kelele, lakini kelele zake zilibaki nyuma.

Zipora alikuwa amesimama getini, ameshika nguzo. Kando yake, ukutani, jembe lilikuwa limeegemezwa, linachuruzika tope bichi. Zablon akatazama mtaa huku na huku: mtaa mtupu, mweupe kwa jua. Akapiga simu kwa dereva wa bajaji, haipatikani. Kwa mwingine, haipatikani. Zipora akaguna, akaikumbatia nguzo. Zablon akatazama kifundo. Moja.

"Panda, mke wangu. Nishike sana."

Wakaondoka, na kabla hawajafika barabara kubwa kifundo kikaanza kujigeuza chini yao, tak, tak, kikapita namba ya watu wawili kikaendelea, na dubwana likadidimia mpaka tairi ikasugua madigadi yake, na harufu ya kambale ikapanda, na Zablon akataka kusimama lakini kusimama ni kumzalisha mkewe vumbini, akataka kusali lakini ulimi ulikuwa mkavu, akaendesha tu.

"Sogea mbele kidogo," Zipora alilalamika sikioni mwake, "tumebanana kama mishikaki."

Zablon alikuwa tayari amekalia tangi.

"Halafu toa mkono wako tumboni mwangu, Zablon. Endesha kwa mikono miwili."

Akatazama usukani. Mikono yake yote miwili ilikuwa pale.