Siri ya Nyevu Haikutoka kwa Dhahabu

Mwaka wa sitini na mbili, feri ya Likoni imejaa watu na mikungu ya ndizi, Mwinyihaji karani wa bandarini akamkanyaga Dhahabu mguu.

"Huo si ubao, bwana, ni mguu wa mtu!"

"Samahani, bibiye. Macho yalikuwa juu, kwa mwenye mguu."

"Basi yateremshe!"

Lakini ndani ya buibui alicheka. Dhahabu alikuwa amerudi na shahada yake kutoka Kampala, sasa yuko katika ofisi moja Changamwe akijifunza kazi ya kupatanisha mke na mume. Miezi sita baadaye posa ikapokewa.

Ndipo Nyevu, dadake Mwinyihaji, akamwacha mumewe. Majirani walikuwa wamemwona jana yake akitoka ofisini kwa Dhahabu. Simu ya ofisini ikalia, ni Mwinyihaji.

"Ulimwambia nini dada yangu?"

"Kipenzi, ya hapa siyatoi. Nimeapa."

"Hata kwangu?"

"Hata kwa mamangu."

"Kumbe ni kweli! Mwenyewe hujaolewa, kazi kuvunja nyumba za wenzio!"

Mwinyihaji akaikata simu. Kesho yake wazee wake wakaja kuivunja posa.

Haya, niambieni. Mke akipigwa akakimbia, wa kulaumiwa ni aliyemsikiliza? Yule mume mpigaji hakuulizwa na mtu, wallahi, hata salamu alipewa! Mamake Dhahabu akamsihi aseme neno moja ajiokoe.

"Nikilisema leo, mama, kesho nani atakuja kulia mbele yangu?"

Nyevu alipopata habari, alimwendea kakake, akapandisha mkono wa kanzu. Alama tele.

"Dhahabu aliniuliza nataka nini, basi. Miaka minne hakuna aliyeniuliza. Hata wewe, mwana wa mama! Waniona juani na mikono mirefu, wala husemi."

Mwinyihaji akavuka hadi Likoni, kwa kina Dhahabu, kichwa chini.

"Nimekosa, Dhahabu. Wazee watarudi."

"Wazee ndio walionipigia simu? Nenda kamuulize shemeji yako kwa sauti ile ile uliyoniulizia mimi. Kisha uje peke yako."

Alirudi alasiri, kola imechanika, mdomo umevimba.

"Alijibu nini?"

"Ngumi."

"Nawe?"

"Nimemwambia talaka ya dadangu naitaka mbele ya kadhi. Sitamwacha mpaka aitoe."

Dhahabu akamsogezea kiti, Mwinyihaji akaketi.

"Sasa waweza kuniambia, mpenzi. Siku ile Nyevu alisema nini?"

"Sikwambii."

"Na ukiwa mke wangu?"

"Hata nikizaa nawe watoto kumi."

Mwinyihaji akacheka, mdomo ukamuuma.

"Basi nakuposa upya, bibiye. Mara hii kwa kinywa changu."

"Kinywa chenyewe hicho kilichovimba?" akasema Dhahabu, akaenda kumletea maji.