Mlango Juu ya Paa

Haya ninayosimulia ni kweli tupu, na dhamana yangu ni masharubu haya niliyoyafuga tangu ujana. Atakayenikuta na chembe ya uongo aje na wembe.

Palikuwa na kijana mpiga picha pale stendi kuu, chumba chake kimebanwa kati ya kinyozi na muuza viatu. Watu walimwita Pazia, kwa kuwa alichora miji kwenye mapazia makubwa, mteja akisimama mbele yake anapigwa picha kama yuko ng'ambo. Maghorofa, madaraja, mto usio na hata kopo linaloelea. Kwa Pazia uliizunguka dunia bila nauli. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala nje ya mji ule.

Jumamosi moja mvua ikamwagika, stendi nzima ikakimbilia vibarazani. Katika msukumano ule akaingia msichana: ovaroli ya kazi, buti za mpira zenye tope, kofia ngumu ya njano, na chini ya kofia hereni zinazocheza. Alitaka picha. Pazia akamkaribisha achague mji. Msichana akalitazama pazia la maghorofa, akainamisha shingo huku na huku, akacheka.

"Kaka, mji wako hauna mlango hata mmoja. Watu wanaingilia madirishani?"

"Ni mji wa kisasa."

"Na nguo wanaanika wapi? Mimi humo nisingekaa hata kwa kubembelezwa."

Pazia akauliza, kwa ukali kidogo, yeye miji anaijulia wapi. Msichana akamshika mkono, akamtoa barazani, akamwonyesha kreni ndefu ya jengo jipya iliyochungulia juu ya mapaa, ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyeiendesha. Wenzake walimwita Twiga. Pazia akasahau picha, akasahau na mvua.

Tangu siku ile simu ikawa inalia kila adhuhuri, Twiga akila chakula chake kule kwenye mawingu.

"Pazia wangu, nakuona mlangoni. Umekosea vifungo tena."

Pazia akalitazama shati lake. Kweli.

"Acha kunichunguza, mwanamke."

"Nimchunguze nani basi, njiwa?"

Kisha humsimulia yaliyo chini yake: mzee aliyepanda vitunguu kwenye mabeseni juu ya paa, godoro la mtoto lililoanikwa kila asubuhi bila kukosa, bibi harusi anayejifunza baiskeli uani ili mume asione anavyoanguka. Pazia akayachora yote. Pazia jipya likawa na kamba za nguo, paka, na milango ya kila rangi, na wateja wakayaacha maghorofa wakapanga foleni wapigwe picha mbele ya mji wao wenyewe.

Jengo likakaribia kuisha. Kampuni ikamtaka Twiga aende kwenye mji mpya unaojengwa, mji wa vioo, barabara pana, umeme haukatiki. Shangazi yake, aliyemlea, akawa anapiga simu asubuhi na jioni: mwanangu, bahati haibishi hodi mara mbili, unangoja nini? Pazia aliyajua hayo yote. Kumwambia mtu abaki kwa ajili ya chumba cha stendi aliona ni choyo.

Siku moja Twiga akaja na gauni la kijani lililomkaa utadhani kamwagiwa, viatu virefu mkononi. Akasema leo anataka lile pazia la maghorofa. Moyo wa Pazia ukashuka hadi kwenye ndala. Akapiga picha, akagonga nyuma yake mhuri wenye namba yake ya simu kama ilivyo ada, akamkabidhi bila kumtazama.

"Mji umekupendeza. Nenda tu."

"Umesema niende?"

"Nimesema umependeza."

Twiga akavaa viatu, akatoka. Adhuhuri ya kesho yake simu haikulia. Wala ya kesho kutwa. Akipiga yeye, haipatikani.

Wiki haijaisha, ikaingia namba ngeni.

"Wewe ndiye mpiga picha wa huko kwenye mji wa vioo?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Namba nimeiona nyuma ya picha aliyonitumia mwanangu. Kaniambia keshahamia, nisimsumbue tena na habari za kuhama. Sasa nakuja kumtembelea. Nishukie kituo gani?"

Pazia akakalia ndoo ya rangi.

"Tena kasema kapata mchumba huko, eti anachora mapazia. Hiyo nayo kwenu ni kazi?"

"Ni kazi, shangazi," Pazia akasema. "Kazi nzuri sana."

Kumbe picha ilikuwa ya kumzuga shangazi tu! Twiga hakuwa na safari yoyote. Aliyemfukuza ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe. Na kreni, ambayo Twiga bado alikuwa juu yake, ingeanza kufunguliwa vipande vipande jioni ile. Akakimbia hadi getini, mlinzi akamrudisha. Basi akabeba makopo yote ya rangi, kinyozi akamshikia ngazi, akapanda juu ya bati la chumba chake.

Akachora mlango. Mlango mwekundu, mkubwa kama paa lenyewe, umeachwa wazi kidogo, na kizingitini buti za mpira zimelala kando ya ndala.

Kreni ikasimama. Stendi nzima ikainua shingo. Simu ikalia.

"Pazia. Mlango huo unafunguka?"

"Ukigonga."

Hapo mkono wa kreni ukazunguka, ndoana ikashuka taratibu, ikamnasa Pazia mkanda wa suruali, ikamrusha juu ya maduka na vichwa vya watu hadi mawinguni, na huko huko akatoa pete akam...

"Mzee," sauti ikatoka upande wa pili wa meza, "kreni yangu haikufika hata nusu ya barabara."

Sikujua kama Twiga ameshaingia. Amekaa na hereni zake zile zile, mumewe nyuma anajizuia kucheka.

"Nilizima mashine, nikashuka ngazi zote kwa miguu, nikavuka barabara na buti zangu, nikagonga. Mlango wa chini, wa mbao. Akafungua huyu, rangi hadi masikioni. Sikumngoja aseme. Nilimwambia mimi: nioe, shangazi yuko njiani."

 Nami, kinyozi niliyeshika ngazi siku ile, nikayafunika masharubu yangu kwa kiganja.

Twiga akafungua mkoba, akaweka wembe mezani, wembe mpya kabisa. Pazia akatundika nyuma yangu mji wetu wenye milango, akashika kamera, akaniomba ninyanyue kidevu.