Jino Lisilouma la Koplo Ojera

Nyie mnaosema jino likishaacha kuuma limepona, kaeni hapo mnisikilize. Habari hii ni ya Luzira, jijini Kampala, kwenye nyumba za askari magereza, na ninaowataja humu ni watu wazima wenye akili zao timamu.

Jumapili alasiri Koplo Ojera alikuwa akitoa kiti barazani na kupiga tarumbeta. Upepo wa ziwa ulikuja taratibu kutoka Port Bell. Mkewe Abalo husaga ufuta, binti yao Vera humsuka mwenzake nywele, na majirani hupunguza redio ili wasikie. Tarumbeta ya kwanza ya bendi ya magereza ilikuwa ya Ojera. Hata Koplo Okidi wa nyumba ya pili, aliyeitamani nafasi hiyo na kumchukia Ojera waziwazi, alipunguza redio.

Siku moja Mzee Faustino akamwita Ojera kwake. Faustino ndiye aliyekuwa mkuu wa bendi kabla ya kustaafu, na ndiye aliyemfundisha Ojera tangu akiwa kuruta asiyejua hata kushika chombo. Sasa alikuwa mgonjwa wa kitandani na alijua haamki.

"Ojera mwanangu, siku mnanizika, buruji ya mwisho, ile ya kuniaga kaburini, upige wewe. Si mtu mwingine. Unanisikia?"

"Nasikia, mzee. Nitapiga mimi."

Alitoka pale machozi yakimlengalenga. Mzee huyo alikuwa kama baba kwake, na Ojera hakuwa na kitu kingine cha kumlipa isipokuwa wimbo huo mmoja.

Basi haikupita muda, jino lake la mbele, juu, linalopakana na chonge, likaanza ukorofi. Lilikuwa limetoboka siku nyingi, yeye akilisukutua kwa maji ya chumvi. Asubuhi moja akaamka mdomo umevimba, tarumbeta haigusiki. Abalo akamkokota hadi Old Kampala, kwenye kliniki ya Daktari Nabilah, mtelemkoni chini ya msikiti mkubwa.

"Uozo umefika kwenye mshipa, ndani ya mzizi," daktari alisema. "Naweza kuling'oa. Au nisafishe mzizi, niuzibe, jino libaki."

"Libaki, daktari. Mimi kazi yangu ni kupuliza."

Ojera akalazwa kwenye kiti cha daktari. Fungua. Usifunge. Geuka huku. Tulia. Maneno hayohayo anayowaambia wafungwa kila asubuhi, leo anaambiwa yeye, amelala chali, mate yanamtoka, na anayemwamuru angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Kwa ganzi aliyochomwa hakuumia hata kidogo. Lakini alichukia, tena alichukia mno.

Kazi ilipokwisha Daktari Nabilah akamwambia polepole, Abalo akisikia: "Afande, nilichoziba hapa juu ni cha muda tu. Kikikaa sana kinavuja, vijidudu vinarudi ndani. Rudi kabla ya mwezi kwisha nikuzibe kabisa na kulivika jino kofia, maana limebaki ganda jembamba. Usiling'atie kitu kigumu. Na jino hili halina tena mshipa wa kukuonya. Likianza kupasuka, hutasikia."

"Ndiyo, daktari," Ojera akajibu, kama wafungwa wanavyomjibu yeye. Moyoni aliapa hatalala tena kwenye kiti kile.

Uvimbe ukaisha, tarumbeta ikarudi barazani. Abalo akamkumbusha. "Baba Vera, mwezi unaisha."

"Wewe umeliona linauma?"

"Jino ni lako, mimi nitalionaje?"

"Haliumi. Niache."

Kila akikumbushwa, nyumba iliwaka moto. Mara ya mwisho alimwambia mkewe mbele ya mtoto, "Kama unaipenda sana ile kliniki, nenda ukalale wewe kwenye kile kiti." Abalo hakumkumbusha tena. Tangu siku hiyo aliweka chakula mezani bila kumtazama, na Ojera, mwenye kichwa kigumu, akafurahi kwamba kelele zimekwisha.

Kantini nako hakukumfaa. Okidi aliposikia habari za mzizi akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Koplo wetu siku hizi anapuliza kwa jino la maiti." Watu wakacheka. Mwenye akili angecheka nao, akanywa soda yake, akaondoka. Ojera alichukua chupa, akakibana kizibo kati ya jino lile na chonge, akakifyatua.

"Maiti anaweza hivi?"

Wakampigia makofi, na yale makofi ndiyo yaliyommaliza. Kuanzia hapo mwenye chupa alimpelekea yeye, naye hakukataa. Muwa pia aliumenya upande uleule, akijigamba kwamba jino lisilouma ndilo jino la kiume. Ujinga mtupu. Na wakati anajigamba, kile kizibo cha muda kilikuwa kimelika, mate na uchafu vinaingia mzizini kila siku, uozo umerudi nyumbani kwake bila hodi. Wala hakusikia kitu. Daktari alimwambia hatasikia.

Mzee Faustino akafa. Maziko yalipangwa kufanyika kwenye kiwanja chake upande wa Mukono, na bendi nzima ikapewa ruhusa. Siku moja kabla ya maziko, watu walikusanyika matangani, kreti za soda zikaletwa, kifungulio hakikuonekana. Okidi ndiye aliyemnyooshea Ojera chupa ya kwanza. Alitabasamu tu.

Ojera akaiweka mdomoni. Palisikika mlio mdogo, kama njugu inapovunjwa. Hakuumia. Alipoitoa chupa, nusu ya jino ilikuwa kiganjani mwake, na mdomoni palijaa damu yenye harufu mbaya.

Jioni ileile alifika kliniki akifoka tangu mlangoni. "Umeniharibia jino! Tiba gani hii? Ungeling'oa tangu mwanzo nikajua moja."

Daktari Nabilah hakupandisha sauti. "Fungua," alisema, naye akafungua. Alitazama kwa muda. "Limepasuka hadi chini ya fizi, ndani ya mfupa. Na mzizini kumeoza upya. Mzizi niliusafisha vizuri, afande, ila jino uliliacha bila kifuniko, halafu ukalifanyia kazi ya koleo. Nilikuambia urudi lini?"

Ojera akajifuta damu kidevuni.

"Linang'oka. Hakuna cha kuokoa hapa."

"Kesho tunamzika mzee wangu. Lazima nipige."

"Kidonda kikipona tutaweka jino la bandia. Kesho hupigi."

Ojera akamgeukia Abalo, aliyemsindikiza na kusimama mlangoni, akitaka neno moja tu la kumtetea. Abalo alikuwa anatazama barabarani. Jino likang'olewa.

Kesho yake alfajiri alijaribu hata hivyo, jikoni, mlango umefungwa. Ulitoka upepo, ikafuata damu.

Basi Okidi akapiga. Kaburini, mbele ya watu wote, alipiga buruji ya mwisho ya Mzee Faustino, na pale inapopanda juu akaikosa noti, kila mtu akasikia. Mjane wa marehemu, Mama Blandine, akainua uso akaanza kumtafuta Ojera katikati ya askari. Akamwona, kafumba mdomo, tarumbeta kaishika chini. Walipomaliza kufukia alimwendea.

"Alikuomba wewe," alisema.



FUNZO

Ndugu zangu, wengi wanaopoteza jino lililotibiwa mzizi husema dawa ya daktari ni mbaya. Si kweli kila mara. Ni kweli kuna mizizi iliyopinda, isiyosafishika yote hata kwa mkono hodari. Lakini meno mengi huponzwa na mwenye jino, anayeacha kizibo cha muda kikae hadi kivuje, anayeikimbia kofia, asiyetunza fizi, anayefungulia chupa. Mkisafishiwa mzizi mjue kazi imefika nusu. Haliumi? Ni kwa sababu haliwezi kuuma, hivyo msilisubiri liwaite. Ukiambiwa urudi, rudi, hata kama huyo anayekuambia ufungue mdomo humpendi.

Ojera sasa ana jino la bandia na ameanza kupiga tena, tarumbeta ya tatu, nyuma ya Okidi. Lakini Mzee Faustino hazikwi mara ya pili.